Shangazi Alipokuja Kumrudisha Mama

Aprili 1969. Mvua ya masika ilianza alfajiri, ikatulia adhuhuri, na ukumbi wa bibi yangu mzaa mama hapa Bagamoyo ukabaki unanuka ukindu uliotoka kwenye sufuria ya rangi. Mimi na mama tulikuwa tumehamia kwake tangu mama alipoondoka Kiwangwa na jicho limevimba. Nilikuwa na miaka tisa hivi, kwa hiyo huenda mengine nayakosea. Baba nisimwonee: nikiugua alinibeba mgongoni, na majirani walimpenda. Lakini alimpiga mama, na si mara moja.

Siku hiyo akaja shangazi, dada yake baba, kumrudisha mama. Akaamkia, bibi akaitikia marahaba na kumsogezea mkeka. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Aliyasema yote kwa uchungu. Korosho zimeharibika, kaka hana raha. Halafu marehemu baba yao naye alimpiga mama yao mbele yao, ndiko kaka alikojifunza. Pengine ana kitu kichwani, atafutiwe mganga. "Na wifi naye, samahani mama, mdomo wake hauna breki."

"Huo kautoa kwangu," bibi akasema, na mama akacheka, mara ya kwanza tangu tufike.

Bibi akaendelea kusuka ukili wa mkeka. "Yote nimeyasikia, mwanangu, wala siyakatai. Ila korosho zenu ni za shamba moja, na nyumba mliyokulia ni moja. Mbona wewe hupigi mtu?"

Shangazi akamkodolea macho. "Mie? Mie nitampiga nani, mama? Nani atakaa nimpige?"

Nadhani alisikia mwenyewe alichokisema.

"Basi na mimi sikai, wifi," mama akasema taratibu.

"Sasa kaka nikamwambieje?"

"Mwambie hivyohivyo."

Mama hakurudi tena Kiwangwa.

Siku hizi wataalamu hueleza redioni chanzo cha watu kupigana majumbani: umaskini, malezi, ulevi. Nawasikiliza kwa heshima. Wao wamesoma, mimi niliishia darasa la nne. Sioni walipokosea. Ila kila mara nangoja waseme lile la shangazi, la nani atakaa apigwe, na sijalisikia, au wamelisema nisielewe.

Jioni ile mvua ilirudi, gari la Kiwangwa likakosekana, shangazi akalala kwetu. Tulikula mihogo ya nazi na samaki wa ng'onda, sinia moja sote, na shangazi ndiye aliyekuwa akimchambulia mama miiba.