Pembe Mgongoni kwa Dada

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu wa kujua kila kitu. Anajua mvua itaanza lini, bei ya maharage itapanda lini, na ugonjwa wa mtu anaujua kwa kumtazama tu toka mlangoni. Hajawahi kupatia hata kimoja, lakini hilo halimpunguzii sauti.

Dada alijikata kwa jembe mguuni wakati wa palizi, huko kwao Kibondo. Kidonda kikatunga usaha, mguu ukavimba, homa ikampanda mpaka akawa anaweweseka. Nilipofika kutoka Kasulu nilimkuta na madoa meusimeusi mikononi, kama mtu aliyefinywafinywa, na fizi zinavuja damu. Mimi ni muuza vitenge, si mganga, ila nilijua huyu ni wa hospitali.

Shemeji akacheka. "Shemeji, nyie wa mjini mnapenda sindano. Haya ni amaraso mabi, damu mbaya inatafuta pa kutokea. Tunaifungulia njia tu."

Alikuwa keshamwita muumikaji, mzee mwenye wembe na mfuko wa pembe za ng'ombe. Kwetu watu huumikwa. Kwa maumivu ya mgongo hata mimi sina neno. Akamchanja dada mgongoni, akabandika pembe, akafyonza. Alipozibandua, damu ikaendelea kutiririka, ikalowesha kanga, ikalowesha mkeka. Mzee mwenyewe akaanza kukosa raha, akawa anakandamiza kitambaa. Shemeji alisimama pale mikono kiunoni, amefurahi. "Unaona uchafu ulivyokuwa mwingi?" Sijawahi kumwona mpumbavu aliyeridhika namna ile.

Nikaita gari, nikampeleka dada hospitali. Shemeji akapanda mbele, karibu na dereva. Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, alitueleza kwamba bakteria wa kidonda wameingia kwenye damu. Wakiingia, chembe zinazogandisha damu hushtuka, zikagandana ovyo kwenye vimishipa vidogo pasipo na jeraha lolote, mpaka zikaisha. Penye jeraha sasa hakuna cha kuziba. Yale madoa yalikuwa damu inayovuja chini ya ngozi.

"Na huku mgongoni nani kamchanja?" aliuliza.

Nilimwonyesha shemeji kwa kidole. Sikuona haya.

Dada akatundikiwa dawa za kuua bakteria, kidonda kikasafishwa, damu ikahitajika upesi. Nilitoa yangu. Shemeji alipoombwa alisema presha yake haijakaa sawa, akatoka kwenda kununua soda, hakuonekana tena mpaka jioni. Damu ya mkewe aliiacha imwagike huku akishangilia. Yake ni ya thamani.

Dada akapona. Siku ya kumkaribisha nyumbani majirani walijaa uani, wakala wali na kuku. Shemeji akasimama kueleza alivyowahi kuitoa ile damu mbaya kabla haijafika moyoni. Nilimtazama dada, nikingoja amuumbue. Akateremsha kanga mabegani, akawageuzia wanawake mgongo wayaone makovu vizuri.

"Bila mume wangu," alisema, "leo mngekuwa mmekaa matanga."

Wakampigia shemeji vigelegele. Nampenda dada yangu, lakini siku ile nilimdharau kuliko mumewe.