Kiti Kilichomkunja Msemaji Wetu

Motokari yetu ya kwanza ilinuka samaki mkavu. Haikuwa harufu ya kupita, ya mtu aliyetoka sokoni; ilikaa ndani kama mpangaji wa zamani asiyekubali kuhama. Tata, yaani baba yetu, aliinunua kwa mfanyabiashara aliyekuwa akileta samaki kutoka Dilolo, kule mpakani na Angola, na mtu yule alipotukabidhi funguo alituapia kwamba tukifungua madirisha harufu itaondoka yenyewe. Tulifungua madirisha msimu mzima wa kiangazi. Lililoingia ni vumbi jekundu la Kolwezi, likakaa pamoja na samaki, na Mama akawa anasema kwamba sasa limebaki chumvi tu tuanze kula. Lakini ilikuwa motokari kubwa, yenye safu tatu za viti, na sisi tuliokuwa tumezoea kubanana nyuma ya pikipiki tuliiona kama nyumba ya pili. Watoto wa jirani walikuja kuihesabu milango yake.

Tulikaa Kasulo, mtaa ambao miaka ile watu walikuwa wanachimba kobalti hata chini ya vitanda vyao. Tulikula bukari, ugali wetu, huku chini ya miguu yetu kukisikika mtu anagonga jiwe, na Tata, ambaye kazi yake mgodini ilikuwa kupima ardhi, alizoea kusema kwamba yule bwana akipinda njia kidogo tu atatokea kwenye sufuria ya sombe, kisamvu chetu. Tata alikuwa mtu wa kupima. Hakupigilia msumari bila kuutazama kwanza kutoka pande zote. Ndiyo maana lile jambo la viti lilimuuma kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Viti vya safu ya nyuma kabisa viliundwa ili vikunjwe. Ukivuta utepe mdogo mweusi, kiegemeo kinalala juu ya kikalio, kisha vyote viwili vinazama kwenye shimo sakafuni, na hapo unapata nafasi ya kupakia mizigo; ukiuvuta tena, kiti kinaachiwa kiinuke. Yule mfanyabiashara alikuwa amevilaza tangu siku aliyoinunua motokari, akawalaza samaki juu yake. Sasa sisi tulivihitaji visimame, kwa sababu kaka yangu mkubwa, Yaya Didier, alikuwa amempata mchumba Fungurume, na familia nzima ilipaswa kwenda kubisha hodi kwa wazazi wa binti. Binti aliitwa Rejina. Baba yake, Mzee Kasongo, alikuwa fundi mitambo mstaafu, mwenyeji halisi wa Katanga, nchi ile, na habari zilizotufikia zilisema hawapendi sana watu wenye asili ya Kasai kama sisi. Alisema tuna maneno mengi. Yaya Didier hakuwa akilala vizuri. Alikonda hata shati lake la kuendea harusi za watu wengine likawa linamning'inia.

Tata aliwaza, akaona kwamba mtu anayetuhumiwa maneno mengi hawezi kujitetea kwa kunyamaza. Lazima aonyeshe kwamba maneno yake ni mazuri. Basi akamchagua Tonton Kalala awe msemaji wetu. Tonton Kalala, mdogo wake Tata, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Alikuwa na methali kwa kila jambo, na pale zilipokosekana alizitunga papo hapo. Kwa mwili wake hakuweza kukaa katikati, ambako wengine walibanana, wala mbele hakukuwa na nafasi kwa sababu Mama hakukubali kukaa kwingine. Ilibaki safu ya nyuma. Kwa hiyo viti vya nyuma vilipaswa kusimama, au sivyo ndoa isingesimama.

Jumapili nzima kabla ya safari, Tata alikuwa kichwa ndani ya buti na miguu nje. Kila aliponyanyua kiti, kilisimama kidogo, kikafikiri, kikalala tena. Alishusha viegemeo vya kichwa, kwani huenda vilikwama kwenye safu ya kati, havikukwama. Aliusogeza mkanda wa kiti uliokuwa umebanwa pembeni, kiti kikalala. Kisha akaingiza kijiti kwenye reli ya sakafuni, akatoa magamba ya samaki, mchanga, na kichwa kizima cha samaki kilichotutazama kama tunakidai jibu. Hapo majirani walikuwa wamekusanyika. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno, lakini nadhani aliyesema hivyo hakuwahi kutengeneza motokari mbele ya watu. Mmoja alishauri tupige nyundo. Mwingine, mchimbaji kijana aliyekuwa mweupe kwa vumbi la shimoni, alisema hakuna kitu kisichotoka ukikichimba kwa moyo. Tata aliwashukuru wote, akaendelea. Hatimaye akakiona kisa: ubavuni mwa kiti kulikuwa na komeo, na ulimi wake, ambao ungepaswa kuruka na kushika, ulikuwa mkavu, unasogea kwa uvivu kama mtu anayeamshwa aende shule. Ulihitaji mafuta.

Aliingia ndani ya nyumba, akatoka na chupa aliyoificha ubavuni. Sikuona ni chupa gani. Baada ya muda mfupi alituita wote tuje tutazame. Akanyanyua kiti cha kulia: kacha! Akanyanyua cha kushoto: kacha! Hata mimi nilikaa kwenye kile kiti nikarukaruka, nacho hakikutikisika. Jua lilikuwa kali, Tata alikuwa anacheka, na majirani walipiga makofi. Jioni Mama aliulizia chupa yake ya mawese, yale mafuta mekundu ya kupikia, na alipoona imepungua alitushuku sisi watoto. Tata alikuwa anasoma gazeti kwa makini sana.

Jumamosi iliyofuata tuliondoka alfajiri. Asiyejua Kolwezi hudhani Kongo ni joto tu. Mwezi wa sita baridi yetu huuma masikio, na majani hupauka kwa umande ulioganda. Tulivaa makoti juu ya nguo za sherehe. Tonton Kalala alikaa nyuma kulia, nami nikakaa nyuma kushoto, na njia nzima alikuwa anajaribisha hotuba yake. Malori ya shaba yalitupita yakitumwagia vumbi, madirisha yakiwa wazi kwa sababu ya samaki, naye hakunyamaza. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilianza na wahenga walipovuka mito, ikafika kwenye kuku anayetafuta kiota, na pale kwenye kuku alitakiwa kunyoosha mikono na kuinuka.

Tulipoingia Fungurume, mbele kidogo ya nyumba ya Mzee Kasongo, kulikuwa na tuta la barabarani. Tata alilivuka taratibu. Nikasikia sauti ndogo, kama mtu anapasua njugu, na Tonton Kalala akatoweka.

Sitii chumvi. Alikuwepo, kisha hakuwepo. Kiegemeo kilimwangukia mgongoni, kikalio kikazama sakafuni, na kiti kikafanya kwa utiifu kabisa kile kilichoundwa kufanya. Kilichobaki juu ni koti lake na kisigino kimoja. Hotuba ilikatika kwenye kuku.

“Tonton!” nilipiga kelele.

“Niko,” sauti ilitoka chini, nzito, kama ya mchimbaji wa Kasulo. “Lakini niko vibaya.”

Tata alisimamisha motokari, na bahati mbaya akaisimamisha mbele ya lango lenyewe. Mzee Kasongo alikuwa amesimama pale, kofia kichwani, mikono nyuma, pamoja na mke wake na Rejina. Tata na Yaya Didier walikimbia nyuma wakafungua buti. Walivuta utepe, utepe haukusogea. Walinyanyua kiegemeo, kilikuwa kimejifunga chini kwa nguvu zote. Mama alishuka, akarekebisha kitenge chake, akasalimia wenyeji kwa tabasamu la mtu ambaye hajaona lolote.

“Karibuni,” alisema Mzee Kasongo. “Banasema mulikuja na musemaji. Eko wapi?”

Yaya Didier alitazama viatu vyake.

“Eko chini ya kiti, muzee,” alisema Tata.

Mzee Kasongo alisogea, akachungulia ndani ya buti. Aliona kisigino. Na Tonton Kalala, aliposikia sauti ya mwenyeji wake, alifanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo: alianza hotuba. Kutoka mule ndani, kichwa kikiwa katikati ya magoti, aliwasalimia wazee wa nyumba, akawasalimia waliotangulia kaburini, akaanza na wahenga walipovuka mito.

“Ngoja kwanza,” alimkatiza Mzee Kasongo. Kisha akamgeukia Tata. “Mweye Bakasai munasema hata wakati munakufa.”

Nilimwona Yaya Didier anafumba macho. Kwake ilikuwa imekwisha. Rejina alikuwa amefunika mdomo kwa kitenge na mabega yanamtikisika, nami sikujua kama analia au anacheka. Lakini Mzee Kasongo alikuwa fundi, na fundi akiona kitu kimekwama hawezi kukipita, hata kama kimemkwamisha adui yake. Alivua kofia akampa mke wake. “Tokeni,” alisema. “Kiti ni kiti tu. Mi nilifungua mashini makubwa kuliko hii nyumba.” Mimi nikashuka. Yeye akaingia, akapiga goti juu ya kiti changu cha kushoto, akainama kulishika lile komeo la kulia.

Nikasikia tena ile sauti ya njugu.

Mke wake alipiga ukelele. Sasa vilikuwa visigino viwili, kimoja cha Kasai na kimoja cha Katanga, vikitazamana. Tata alijishika kichwa. Mama yangu alisema, “Yesu wangu.” Wapita njia walianza kusimama. Kisha tukamsikia Mzee Kasongo, taratibu:

“Weye ndjo ulikuja kuomba mutoto wangu?”

“Ndjo mi, muzee,” alijibu Tonton Kalala. “Nilitaka kusimama kwanza, kwa heshima.”

“Hapa kunanuka samaki.”

“Ya Dilolo, muzee. Utazoea.”

Halafu motokari ikaanza kutikisika. Tulidhani wanapigana, na Tata alikuwa tayari ameshika mlango, mpaka tulipotambua kwamba ni kicheko. Mzee Kasongo alikuwa anacheka, na kwa jinsi walivyobanwa, akicheka mmoja anamsukuma mwenzake, na mwenzake akisukumwa anacheka naye.

Sisi wa nje tuliendelea kuhangaika. Mama yangu ndiye aliyeingiza kidole kwenye komeo akakitoa kikiwa kimeshika kitu chekundu, kigumu kama sabuni iliyochanganywa na udongo. Alikinusa. Akamtazama Tata kwa muda mrefu.

“Mawese yangu,” alisema.

“Grisi ilikosekana,” alisema Tata. “Na mchana ilikuwa inatembea vizuri.”

“Mchana! Na ku baridi? Chupa ya mawese inakaa pembeni ya mbabula kila asubuhi, sababu ya nini? Kwa kuona moto?”

Mama yake Rejina alielewa mara moja. Hakuna mwanamke wa kwetu asiyejua kwamba mawese huganda kwenye baridi, na ulimi wa komeo uliozama ndani yake haushiki wala hauachii. Alikimbilia jikoni, ambako maji ya bukari yalikuwa yanachemka juu ya mbabula, lile jiko la makaa, akarudi na sufuria na vitambaa. Wale wanawake wawili, ambao walikuwa hawajasalimiana sawasawa, walifanya kazi bega kwa bega: mmoja anachovya kitambaa, mwingine anakikandamiza kwenye komeo, kama watu wanaomkanda mgonjwa. Mawese yakaanza kutiririka mekundu. Mama akavuta utepe. Kiti cha kushoto kikaruka juu na kumtoa Mzee Kasongo, kisha cha kulia kikamrudisha Tonton Kalala duniani, tai ikiwa mgongoni na alama ya goti kwenye paji la uso.

Tonton alishuka, akajinyoosha, akavuta pumzi ndefu na kunyoosha mikono. Alikuwa anataka kumalizia kuku. Mzee Kasongo akamshika mkono, akaushusha.

“Ulisha kusema,” alimwambia. “Mi nilisikia yote, hata ile haukusema.” Kisha akamtazama Yaya Didier. “Mutoto wangu ataolewa, kama yeye mwenyewe anapenda. Lakini hatatoka hapa mu ile motokari.”

Rejina alikubali kwa kichwa, kwa sababu bado hakuweza kusema kwa kicheko. Tuliingia ndani, tukala, na wale wazee wawili walikaa kwenye benchi moja ingawa viti vilikuwa vingi. Waliendelea kukaa hivyo kila walipokutana, katika ubatizo wa kila mtoto wa Yaya Didier, wakilalamikia migongo yao kama watu waliopigana vita moja. Tonton Kalala alipofariki, Mzee Kasongo alikuja Kolwezi kwenye matanga kabla ya ndugu zetu wengine wote, akakaa mbele, na alipoombwa kusema neno alisema hana neno. Marehemu aliyasema yote.

Siku hizi nami nimeolewa, naishi Kolwezi hii hii yenye majengo mapya na magari yanayong'aa. Posa yangu ilipangwa kwenye simu, watu wakakutana katika ukumbi wa kukodi wenye kiyoyozi, pande mbili zikitazamana kuvuka meza ndefu yenye maua ya plastiki. Wasemaji walisoma hotuba zao kwenye simu, wakamaliza kwa wakati, na hakuna nguo iliyochafuka. Nikirudi kwenye picha naona watu nadhifu, wamepangwa vizuri, kila mmoja na nafasi yake ya kutosha. Baba mkwe wangu ni mtu mwema, nami humtembelea kila mwezi, na kila mara hunikaribisha kwenye kochi la mbali, karibu na mlango. Tunaheshimiana sana, na bado hatujafahamiana.