Mkrotoni wa Dada Yake Fundi

Jirani yangu, fundi cherehani, ana chumba kimoja cha kazi chenye dirisha moja. Cherehani yake imekaa chini ya dirisha hilo miaka kumi na minane, maana bila mwanga wa jua macho yake hayalioni tundu la sindano.

Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, alihamishwa kikazi. Akamwachia mkrotoni wake ndani ya chungu: majani mekundu, ya njano na ya zambarau, yote kwenye shina moja.

"Hii ni amana, mdogo wangu. Usije ukanirudishia kijiti."

Fundi aliutunza kwa ujuzi alionao. Anajua jua hupausha kitambaa, ndiyo maana nguo za wateja huzifunika. Basi na mti akauficha nyuma ya pazia, akawa anaufuta vumbi kila asubuhi. Baada ya miezi sita majani ya rangi yalikuwa yakidondoka, na kila jipya lilitoka kijani kitupu.

Dada akapiga simu: anaufuata Jumamosi.

"Sokoni imejaa tele," mkewe alimwambia. "Nunua mwingine, upande kwenye chungu kilekile. Nani atajua?"

"Mimi. Kwani mimi si mtu?"

"Wewe ni mtu mbishi."

Nasema wazi: wengi wetu tungekwenda sokoni, na tungejiita werevu.

Jumamosi, dada hajaketi, fundi alivuta pazia. "Dada, nimeiharibu amana yako. Niliuficha jua rangi zisipauke."

Dada alicheka hadi akashika ukuta. "Umeudhani suti? Jua ndilo linaloupa rangi, wewe!" Kisha akagusa kovu kwenye shina. "Hapa niliuvunja mwenyewe. Ungeniletea mwingine ningejua, na nisingekuachia kitu tena. Kaa nao mpaka rangi zirudi."

Mkewe ghafla alikumbuka birika jikoni.

Siku hiyohiyo fundi aliihamisha cherehani. Sasa mti uko dirishani, naye yuko kando, anatunga uzi kwa kukodoa macho.

"Fundi, umempisha bwana mkubwa?" mteja alimtania.

"Nimempisha mgeni wa dada."

Juzi jani jipya lilikunjuka likiwa na mishipa ya njano. Nilikuwepo alipopiga simu, sindano bado mdomoni.

"Limetoka moja tu, dada. Usije bado."