Wamang'ati Wamevamia Maktaba

Lori la msaada lilipowasili kijijini, katika nchi tambarare iliyo kati ya Gehandu na Hirbadaw, Bernadina ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipokea, na kabla jua halijatua alikuwa wa kwanza kutamani ligeuze. Alifungua sanduku la juu kwa shauku ya mtu aliyesubiri mvua. Ndani ya jalada la kitabu cha kwanza alikuta karatasi iliyobandikwa: "Zawadi kwa maktaba iliyoangamizwa na adui vitani." Akafungua cha pili. Ilikuwemo. Akafungua cha chini kabisa. Ilikuwemo.

Mama huyu alizaliwa Mbulu, kwenye miinuko ambako mahindi hulimwa hadi kizingitini, akaolewa Hanang. Mumewe alipofariki alimwachia watoto, ng'ombe wachache na shamba la maharage. Hasira alikuwa nayo tangu usichana, nayo hakuwahi kuipatia zizi. Wazazi wa kijijini walipojenga chumba cha vitabu ubavuni mwa ghala, yeye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Kitabu kilichochanika alikishona kwa shazia na uzi wa gunia, akakibandika jalada kwa uji mzito wa ngano.

Kazi ya kushona ilizidi pale wafugaji wa mbugani walipoanza kuleta watoto wao. Watoto hao walikuwa na njaa ya kusoma isiyo na adabu. Walisoma wakichunga, walisoma wakikamua, na vitabu vilirudi vinanukia samli na moshi, kurasa zimelegea kama meno ya kikongwe. Wakulima wakapata la kutania: "Wamang'ati wamevamia maktaba!" Wenyewe hujiita Wadatoga, lakini jina la Mang'ati, walilopewa na Wamasai, limeenea, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba maana yake ni adui.

Mkalimani alijua. Alikuwa kijana wa mjini aliyekulia miongoni mwa Wamasai, naye, miezi kadhaa kabla ya lori, alifuatana na wageni wa chama kimoja cha ng'ambo, ambacho kazi yake ni kufufua maktaba zilizoteketezwa na vita. Walikuwa wapita njia tu. Walipouliza kwa nini rafu zilikuwa tupu, mzee Joakimu, mtani asiyechoka, alijibu: "Wamang'ati wametuvamia, wamevimaliza vyote!" Kijana akafasiri kwamba adui walivamia na kuviangamiza vitabu. Watu wakaangua kicheko. Wageni wakainamisha vichwa, wakidhani hicho ni kicheko cha watu walioumizwa mno na vita. Waliahidi vitabu, na sasa walikuwa wamerudi pamoja na lori.

Bernadina alimfuata Alfredi, mwenyekiti wa kamati ya maktaba, akiwa na kitabu mkononi.

"Alfredi, umeisoma hii?"

"Nimeisoma, Mama Bernadina. Tena kabla yako."

"Vita hivyo vilipiganwa wapi? Labda siku hiyo nilikuwa shambani, napalilia."

Alfredi akacheka. "Mama, ni neno moja tu: yule kijana alifasiri Mang'ati kuwa adui. Lori zima kwa neno moja! Hawa hawasaidii uchakavu, wanasaidia vita. Ukilisahihisha, vitabu vinakwenda kwingine."

"Kwa hiyo tumewauza majirani."

"Si ndivyo wanavyoitwa? Wewe mwenyewe huwaita hivyo kila siku."

Pigo hilo lilimpata barabara, kwa kuwa lilikuwa kweli, na ukweli ule ukazidi kumchemsha.

"Mimi nimewaita kwa mdomo, na mdomo hufunguka ukasema jingine," alisema. "Wewe unawabandika kwa gundi."

"Kesho utafungua mlango," Alfredi akajibu, "nami nitapigilia kibao chenye maneno hayohayo. Wageni wanataka kukiona."

Kesho yake watu walijaa uwanjani. Mzee Gidabuday, mfugaji ambaye wajukuu zake walikuwa wasomaji wakubwa kupita wote, alifika na fimbo yake, shuka begani.

"Shikamoo, mzee," Bernadina alisema.

"Marahaba, mama. Fungua basi, Wamang'ati tumekuja kuvamia!"

Mama hakuweza kucheka. Alimsomea ile karatasi polepole. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Adui ni nani hapo?"

"Ni ninyi."

Bernadina hakungoja neno lake. Alikwenda moja kwa moja mbele ya wageni, Alfredi akiwa ameshika nyundo na misumari.

"Kijana," alimwambia mkalimani, "safari hii fasiri neno kwa neno. Hapa hapakuwa na vita. Vitabu vilimalizwa na wasomaji. Hao mliowaita adui ni wajukuu wa mzee yule pale, na hakuna waliosoma kuwashinda."

Mkalimani akafasiri, uso umemshuka. Mgeni mkuu, mwanamke wa makamo, aliomba radhi mara nyingi. Lakini vitabu, alisema, vilichangwa kwa ajili ya waathirika wa vita, na kama hapakuwa na vita, havina budi kwenda palipo na vita.

"Umetuua!" Alfredi akafoka.

"Mama Bernadina!" Doris, jirani yake wa mpaka wa shamba, alipaza sauti. "Wanao walikwisha kumaliza shule! Wetu je?"

Hilo lilimchoma kuliko la Alfredi. Alisimama katikati ya uwanja, ufunguo umemkaa kiganjani, akazomewa na watu aliowashonea vitabu. Ndipo mzee Gidabuday alipoegemeza fimbo ukutani, akainua sanduku la kwanza, akalirudisha garini. Alikuwa mtu mzima, na sanduku lilikuwa zito. Bernadina akashika upande wa pili wa lililofuata. Baadhi ya vijana wa mbugani wakaja, kisha Joakimu, bila utani wowote.

Lori lilipoondoka, Alfredi bado alikuwa na nyundo yake.

"Haya, mmeridhika? Sasa mtasoma nini?"

Bernadina alifungua mlango wa chumba kwa kishindo.

"Tutasoma vilivyochanika," alisema. "Nawe ukija kuazima, Alfredi, utapanga foleni nyuma ya Wadatoga."