Ulimi wa Kuazima

Huko Roccamerla, mji wa Italia uliojengwa mlimani, mtu akiangukiwa na tofali kwenye kidole cha mguu, ananyanyua kofia na kukutakia siku njema. Nyuso zao wanazifundisha tangu utotoni zisikunjike. Daktari mmoja aliletwa kutoka nje, akakaa mwaka akaomba uhamisho, kwa sababu kila mgonjwa alipoulizwa anaumwa wapi alimjibu kwamba mvua si mbaya mwaka huu.

Chanzo cha nyuso hizo ni supu.

Zamani, kabla babu wa babu wa mtu yeyote hajaota meno, watu wa Juu na watu wa Chini waligombania chumvi. Lango la mji liko Chini, na nyumbu wa kubeba chumvi walikuwa wakiingilia hapo. Chini wakaanza kujichotea kidogo kila gunia likipita, kidogo kidogo, mpaka kwa Juu yakawa yanafika magunia matupu yenye harufu ya bahari. Juu wakaapa kula mkate usio na chumvi hadi Chini waombe radhi. Chini hawajaomba mpaka leo. Kwa hiyo ukizipanda ngazi za Mtakatifu Gaudenzio, pale mkate unapoanza kuwa na ladha ya ukuta, ujue umevuka mpaka.

Walitupiana mawe, halafu vigae, halafu mashemeji. Askofu mmoja mnene akachoka kuzika watu. Akaamuru lifuliwe sufuria moja la shaba, kubwa kiasi kwamba nyumbu wa padri aliingia humo kulamba masalia akatafutwa siku mbili. Akasema, kila sikukuu ya mtakatifu Juu watoe maharagwe na dengu, Chini watoe chumvi, na wote wale humo humo, ili anayetaka kumtilia mwenzake sumu aanze na mama yake. Na upande utakaokunja uso kwanza kwa sababu ya chakula, ndio utakaoosha sufuria.

Upawa nao akampa mwanamke aliyezaliwa upande mmoja akaolewa upande wa pili. Mwanamke wa namna hiyo anatiliwa shaka na pande zote sawasawa, na askofu aliona hakuna haki zaidi ya hiyo.

Mshika upawa wetu ni Zelinda, binti wa mwoka mikate wa pale langoni. Namna alivyofika Juu ni hivi. Zelinda akiwa msichana, kuna mwaka watu wa Juu hawakuamini kwamba Chini wangetoa chumvi yote, wakachukua yao mifukoni, wakatia kimya kimya. Chini wakahisi Juu wamepunguza, nao wakaongeza. Supu ile ingeweza kukausha samaki. Mji mzima ukaila mpaka chini ya bakuli, nyuso zimetulia kama sanamu za kanisani, kisha mmoja mmoja wakaanza kusema, ngoja nikaitazame chemchemi ya uwanjani. Waliitazama mpaka chura wa jiwe anayetema maji pale akaanza kukohoa vumbi. Kwenye foleni hiyo Amilcare, fundi paa kutoka Juu, alimpisha Zelinda zamu yake. Kijana wa Juu kumpa binti wa Chini maji siku ile ilikuwa sawa na kumpa figo. Hakukuwa na haja ya posa nyingine.

Walioana, wakaishi nyumba ya juu ya ngazi. Ghorofani aliishi Iole, dada yake Amilcare, ambaye hakuolewa kwa sababu kila mchumba aliyekuja, yeye alimwambia ukweli siku ya kwanza. Iole alikuwa na ulimi ambao ungeonja divai ukakwambia kama mtunza pipa alinawa mikono. Mawifi hao waliishi kama mawifi wanavyoishi, kwa vijembe vya hapa na pale, hadi Amilcare alipokufa.

Maana kabla ya kukata roho, Amilcare alimvuta Zelinda karibu akamnong'oneza kwamba siku zote za ndoa yao alikuwa akijificha juu ya mapaa ya watu ili ale mkate wa Chini, wenye chumvi. Akaomba uwekwe mezani siku ya mazishi. Zelinda akauweka. Iole akaumega, akatafuna, uso wake haukusogea hata unywele, akapanda ghorofani na kufunga mlango. Chumvi kwenye msiba wa mtu wa Juu. Tangu siku hiyo waliongea kwa kupitia paka.

Paka huyo anaitwa Jenerali. Ana jicho moja na hana mali.

"Jenerali," Iole husema dirishani, "mwambie huyo bibi wa chini kwamba nguo zake zinadondoshea maji maua yangu."

"Jenerali," Zelinda hujibu kutoka uani, "mwambie huyo bibi wa juu kwamba maua yake yalikufa mwaka juzi, hayo ni ya plastiki."

Jenerali hulamba mguu. Kila asubuhi Zelinda huweka ncha ya mkate wake, ambao tangu mazishi anauoka kwa chumvi kama wa Chini, kwenye kizingiti cha dirisha la ngazi, kwa ajili ya kazi hiyo anayoifanya, na kufikia mchana haipo.

Sasa majira ya baridi haya Zelinda alipata mafua makali. Homa ilipoondoka, iliondoka na kitu. Alikunywa kahawa, akadhani ni maji ya moto. Alimenya kitunguu, akakitafuna kama tofaa. Akaweka chumvi kwenye kiganja akailamba, ikawa kama amelamba kidirisha cha basi. Akakaa jikoni akakitazama kile kiganja kwa muda mrefu. Sikukuu ilikuwa imekaribia.

Alijua vizuri kitakachofuata ikijulikana. Upawa ungetoka mikononi mwake, na hapakuwa na wa kuupokea. Wasichana wa mji wameolewa Torino na Ujerumani. Wanawake wengine waliovuka ngazi kwa ndoa wako makaburini. Na maneno yalikuwa yameshaanza. Alipokwenda kununua siagi Chini, Ottorino kinyozi, ambaye ndiye mpeleka chumvi wa upande wake, alimwita kutoka mlangoni, wembe mkononi.

"Bi Zelinda, afya?"

"Mvua si mbaya."

"Nasikia kuna watu wanasema mwakani kila upande upike kwake. Sufuria mbili ndogo. Watu wanazeeka, ngazi nyingi."

"Wanasema nani?"

"Mimi," Ottorino akasema. "Na wale wa Juu wenye maharagwe wamekubali. Mara ya kwanza tunakubaliana kitu tangu yule askofu."

"Kwa hiyo mmepatana ili msionane."

"Ukisema hivyo inaonekana vibaya," Ottorino akasema, akarudi kwa mteja wake aliyekuwa na sabuni mpaka masikioni. "Tutaona supu ya mwaka huu. Ikiwa nzuri, nani atakuwa na moyo wa kuiacha? Lakini ikiwa mbovu, Bi Zelinda, basi."

Zelinda akapanda ngazi zote bila kupumzika, siagi ikiyeyuka kwapani. Alihitaji ulimi. Rafiki asingefaa, rafiki angemsifu, na jioni angewasimulia majirani. Alimhitaji mtu asiyemwonea huruma na asiye na mtu wa kuongea naye. Alisimama uani, akainua macho.

"Jenerali," akasema.

Dirisha likafunguka.

"Jenerali, mwambie yule bibi wa juu kwamba mimi sionji tena. Chumvi, sukari, siki, vyote ni kitu kimoja. Mwambie siku ya sikukuu nahitaji mtu asimame karibu na sufuria aniambie kama imekolea. Na mwambie akitaka kunimaliza, nafasi ndiyo hii, hatapata nyingine."

Jenerali hakuwepo kabisa. Alikuwa amelala kwa muuza nyama. Wote wawili walilijua hilo. Iole akalifunga dirisha.

Asubuhi ya sikukuu uwanja ulikuwa mweupe kwa barafu nyembamba. Zelinda alikuwa amesimama kwenye kigoda, moshi unampanda, sufuria likichemka taratibu na ngozi za nguruwe zikizunguka humo pamoja na maharagwe. Ottorino alileta chumvi kwenye sanduku lake la mbao, akaliweka, akajitenga hatua chache kama desturi inavyotaka, mgongo umegeuzwa. Ndipo Iole akashuka. Alikuwa amevaa shali nyeusi ya msibani. Akachukua kijiko mfukoni, kijiko chake mwenyewe, akachota, akaonja.

Zelinda alimtazama usoni. Ni kama kutazama mlango wa benki.

"Bado," Iole akasema.

Zelinda akatia kiganja. Iole akaonja.

"Bado."

Akatia kingine.

"Bado."

Hapo mkono wa Zelinda ukasita juu ya sanduku. Mwanamke huyu amelelewa kwa mkate mkavu usio na punje ya chumvi. Kwa kinywa chake supu ilipaswa kuwa imezidi tangu kiganja cha kwanza. Lakini anadai zaidi. Zelinda akauona mkate wa mazishi, akauona mlango wa ghorofani ukifungwa, akaiona chemchemi ikikohoa vumbi. Sufuria mbili ndogo.

"Wifi," akasema polepole, na lilikuwa neno la kwanza kumwambia ana kwa ana tangu mazishi, "wewe wa Juu. Unajuaje supu ya watu wote inavyotakiwa kuwa?"

Iole akafuta kijiko chake kwenye shali.

"Mkate ule wa dirishani," akasema.

"Wa Jenerali?"

"Zelinda, paka hali mkate."

Moto ulipasua kuni. Ottorino, mgongo umegeuzwa, masikio yake yalikuwa yamerudi nyuma kama ya sungura.

"Tangu mazishi?" Zelinda akauliza.

"Tangu kesho yake. Nilitaka kujua ni kitu gani kilichomfanya ndugu yangu apande kwenye mapaa ya watu wakati wa mvua." Iole akatazama ndani ya sufuria. "Alikuwa sahihi yule mshenzi. Tia kiganja kimoja, basi, na usikifumbe kama bahili. Halafu acha."

Zelinda akatia kiganja kimoja kilichofunguka. Akaacha.

Kengele zikalia, watu wakajaa, Juu upande wa kanisa, Chini upande wa lango, mabakuli yakagawiwa. Mji mzima ukaanza kula. Na hapo ndipo Zelinda alipopata mateso yake halisi, maana nyuso mia nne zilikuwa zikitafuna mbele yake na hapakuwa na hata moja iliyosema kitu. Desturi ile ile aliyoilinda ilimnyima habari. Supu ingeweza kuwa asali au lami, wangekula vile vile.

Basi akaacha kutazama nyuso, akatazama chemchemi. Chura wa jiwe alikuwa anatema maji yake, hakuna mtu karibu. Zelinda alihesabu vijiko vya watu, akarudi kwa chura. Hakuna mtu. Kisha mzee mmoja wa Chini akanyanyuka na bakuli, akaenda moja kwa moja kwenye maji. Mzee akaliosha bakuli. Akalikung'uta. Akarudi kwa Zelinda, akamnyooshea.

"Lilikuwa na masalia kidogo," akasema, "nikaona aibu kuleta bakuli chafu."

Nyuma yake foleni ikaota. Wa Juu na wa Chini walichanganyikana humo, kwa sababu njaa haikumbuki ngazi, na Ottorino alikuwa wa tano, anatazama angani kama mtu anayepita tu.

"Sufuria mbili ndogo," Zelinda akamwambia alipofika.

"Nani kasema?" Ottorino akajibu. "Jaza vizuri, Bi Zelinda, nimesimama sana."

Mambo yangeishia hapo, na mwaka huo pasingekuwa na mshindi, kama Iole asingesikia hamu. Alikuwa ameketi meza ya mbele ya watu wa Juu, shali yake nyeusi, bakuli limejaa. Akageuka, akaita kwa sauti iliyozoea kuvuka ghorofa:

"Wifi, niletee mkate wako. Ule wa chumvi. Supu hii hailiki kwa mkate wa ukuta."

Kisha akaumega mbele ya padri na mbele ya Juu nzima, akachovya, akala.

Hakuna askofu aliyewahi kuona kilichotokea. Nyuso za Juu, zilizostahimili meno kung'olewa bila ganzi, zilikunjika zote kwa pamoja kama kitambaa kilicholowa. Halafu upande wa Chini mtu mmoja akasema kwa upole kabisa, "Osheni sufuria," na uwanja ukaangua kicheko, hata padri, hata waliokunjika.

Watu wa Juu wakaosha, ikiwa ni pamoja na Iole, ambaye walionelea ni haki apewe sehemu iliyoungua. Alikunja mikono ya gauni, akaingia sufuriani mpaka magoti. Zelinda naye akaingia, kwani kwa ndoa ni wa Juu. Walisugua wakipigana viwiko, wakibishana kama Amilcare aliwahi kweli kutengeneza paa lolote au alikuwa anakula tu. Ya sufuria mbili hayakutajwa tena.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla Zelinda hajaingiza mkate kwenye oveni, Iole hushuka na kijiko chake kuonja unga uliokandwa. "Bado," husema. Au, "Umepitiliza, unataka kuniua." Jenerali hana kazi tena na amenenepa.

Karibu na Pasaka, Zelinda alipokuwa analamba kidole kutoa unga, kitu kilimchoma pembeni mwa ulimi, kidogo, kama sindano. Chumvi. Kesho yake tena, na zaidi. Kufikia mwisho wa wiki hiyo kahawa ilikuwa kahawa.

Akasikia viatu vya Iole vikishuka ngazi. Akajifuta mdomo haraka, akaunyoosha uso wake vizuri, ukawa uso wa Roccamerla.

"Njoo uonje, wifi," akasema. "Mimi leo pia sisikii ladha yoyote."