Gesi ya Nyongeza Huko Mwala

Ijumaa, Athi River. Siku hizo simu ya mkononi ilikuwa ya wenye nazo, kwa hiyo ujumbe wa shangazi yangu Nduku ulinifikia eneo la viwanda la EPZ, kiwandani nilikokuwa fundi wa mitambo ya baridi, kupitia kwa dereva wa lori la mchanga. Shangazi alikuwa nesi wa zahanati ya kanisa huko Mwala. Kiyoyozi cha stoo ya dawa kilikuwa kimelegea tena, na kesho yake saa tisa mkaguzi angefika. Akikuta joto limepita nyuzi ishirini na tano, dawa zingehamishiwa Machakos mjini, na kina mama wa Mwala wangezifuata huko. Nilete gesi nyingi, alisema.

Jumamosi alfajiri lori lilirudi tupu upande wa Mwala, nikapanda na pampu, geji ya presha na silinda mbili, moja ya gesi, moja tupu. Kutoka lami nilibebwa na mkokoteni wa punda. Punda huyo alikuwa na madharau. Kila mwinuko alisimama kunitazama.

Saa nne, Mwala. Shangazi, aliyenilea, alininywesha uji kwanza. Kisha akasema, "Hii mashine iko na njaa. Ongeza kama ile siku."

Ile siku, safari iliyopita ya kukitengeneza, nilikuwa nimejaza kwa kukisia, halafu nikaongeza kidogo juu, kama yeye anavyoongeza konzi ya ndengu juu ya gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, akimuuzia jirani. Kwetu kupima bapa ni uchoyo. Sasa nilipofunga geji kwenye mashine, presha ilikuwa juu mno na kompresa haishikiki kwa moto. Nilimweleza kwamba gesi ikipungua, ubaridi hupungua. Lakini ikizidi hujaa kwenye mabomba ya nje, joto likakosa nafasi ya kutoka, na ubaridi ukapungua vilevile.

"Anti, haina njaa. Imevimbiwa. Ni mimi niliilisha." Niliona aibu kwelikweli.

Kibati cha maelezo kwenye mashine kilisema gesi iwe kilo moja na nusu. Mizani ya kiwandani haitoki getini, basi Shangazi akaleta ile ya kliniki ya watoto. Niliihamishia gesi yote ya mashine kwenye silinda tupu, nikavuta hewa mabombani kwa pampu, kisha silinda ya gesi tukaivalisha suruali ya kupimia watoto, ikaning'inia mlangoni. Shangazi alisoma mshale kwa sauti ileile anayowasomea kina mama. Kilo moja na nusu ilipoingia, mkono wangu ulitamani kuongeza kidogo tu. Aliupiga kofi.

Saa tisa mkaguzi alikuta nyuzi ishirini na mbili. Aliandika, akanywa chai, akaenda zake, dawa zikabaki. Shangazi alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akafuta macho kwa leso.

Jioni, safari ya kurudi. Tangu siku hiyo sijajaza kiyoyozi bila mizani. Shangazi alinipimia gorogoro ya ndengu, akaisawazisha kwa kiganja, bapa kabisa, nami nikacheka nikisema amejifunza. Alinitazama, kisha akachota konzi mbili akazimwaga juu.

"Wewe si mashine," alisema.