Namalwa, Fundi wa Springi Laini

Mke wangu ni fundi wa springi za magari, na kama hilo linakuchekesha, cheka upesi umalize, maana mimi ni mtu wa hasira za karibu na birika la chai ya moto haliniondoki mkononi. Jina langu ni Maxwel. Nina kibanda cha chai, maharagwe ya madondo na chapati hapa Nakuru, upande wa reli, na ng'ambo ya barabara ndipo ilipo karakana ya baba mkwe wangu, Mzee Wasike. Nikigeuza chapati nikainua macho, namwona Namalwa naye ameinua nyundo. Wanaume wengine hujivunia magari yao. Mimi najivunia mwanamke anayeyawezesha kutembea.

Namalwa ni mrefu, mabega mapana, na sauti yake inanifikia hata mashine ya kukatia vyuma ikiwa inalia. Huvaa hereni kubwa kazini na hataki kusikia neno la mtu kuhusu hereni zake. Babu yake alitoka Bungoma akaja kufua vyuma kwenye karakana za reli. Baba yake akajifunza kwake, akafungua ya kwake mwenyewe. Namalwa alipelekwa kusomea ususi. Alisuka vichwa kwa muda mfupi, akasema nywele hazina ubishi wa kutosha, akarudi kwenye vyuma. Mzee hakumfukuza, wala hakumkaribisha. Alimwonyesha tu nyundo zilipo.

Kwa asiyejua, springi ya lori ni vipande virefu vya chuma vilivyopinda, vimelaliana kimoja juu ya kingine, kirefu juu na kifupi chini, vikafungwa kwenye ekseli, ule mhimili wa magurudumu. Ndivyo vinavyobeba mzigo na kumeza mashimo. Huku kwetu mtu akinunua lori, kabla hata hajaliosha, hulikimbiza kwa fundi liongezewe kipande. Viazi ni vizito, kabichi ni nzito, barabara ni mbaya, basi ongeza. Likisumbua tena, ongeza tena. Mzee Wasike alijenga jina lake kwa kuongeza, na kuanzia Longonot hadi Subukia watu walijua kwamba springi ya Wasike haivunjiki.

Alikuwa na sababu yake. Ujanani alishuhudia lori likikatika springi kwenye kona ya mteremko, likalala ubavu, na rafiki yake aliyekuwa ameketi juu ya magunia hakuinuka tena. Tangu hapo kila gari lililopita mikononi mwake liliondoka likiwa gumu kupita lilivyokuja.

Basi mvua ndefu za mwaka huu zilipoanza, akaja Kosgei na lori lake kuukuu, lile ambalo magurudumu yote manne husukuma. Kosgei hubeba maziwa ya kikundi cha akina mama kule Kabazi. Kati ya mashamba yao na barabara kubwa kuna korongo, na mvua ikinyesha korongo hilo halina njia nyingine ya kuzunguka.

"Mzee, hii gari imenishinda," alisema hata kabla ya kuketi. "Nikifika pale kwa korongo, wheel ya nyuma inaenda juu, inazunguka tu kwa hewa. Gari inakwama. Maziwa ya wamama inaharibika nikiangalia."

"Umeweka four-wheel?"

"Nimeweka kila kitu, mzee. Nimeweka hata maombi."

"Springi imechoka," Mzee akasema. "Tutaongeza moja kila upande."

Akaongeza. Siku chache baadaye Kosgei alirudi amenuna, matope mpaka kwenye kope. Sasa gurudumu lilikuwa likiinuka mapema zaidi. Akina mama walikuwa wamechoka kumwaga maziwa na walishaanza kuulizia trekta ya mtu mwingine. Mzee akaanza kutafuta kipande kingine cha kuongeza. Namalwa akavua aproni.

"Kosgei, nipeleke Kabazi nikaone hiyo korongo yako."

Nami nilifunga kibanda nikaenda nao, kwa sababu ni mke wangu, na kwa sababu ilibidi awepo wa kubeba chapati. Tulipofika, Namalwa alilala kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa, kidevu karibu kiguse matope, akamwambia Kosgei apandishe lori na kulishusha, apande na kushuka. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ng'ombe aliniuliza mgonjwa wangu ameanza lini. Nilimjibu vibaya. Namalwa hata hakusikia. Aliponyanyuka alikuwa anacheka.

"Maxi, umeona ile wheel? Haishuki. Shimo liko huku chini, tairi iko huko juu inashangaa. Springi imekuwa ngumu mpaka inabeba tairi badala ya kuiachilia. Hii gari haitaki kuongezwa. Inataka kupunguzwa."

Neno hilo, kupunguzwa, lilikuwa halijawahi kutamkwa katika karakana ya Mzee Wasike. Alipoambiwa, aliweka chini kikombe changu cha chai bila kukimaliza, jambo ambalo pia halijawahi kutokea.

"Nani amekufundisha kupunguza?"

"Nimeangalia kwa macho yangu, Baba. Tairi isiposhuka, haishiki."

"Na springi ikikatika na mtu yuko juu? Hiyo umeangalia?"

Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kusema. Lakini mkwe hajibizani na baba mkwe, ndivyo tulivyolelewa, na kwa mtu wa hasira kama mimi hiyo ni adhabu tosha. Niliukanda unga siku ile mpaka wateja wakalalamika kuwa chapati zimekuwa ngumu.

Mwishowe Mzee alisema kwa sauti ya chini, "Toa unavyotaka kutoa. Lakini hiyo kazi ikikatika, nyundo utaiweka chini, na kwa hii karakana hutaishika tena."

"Sawa, Baba," akasema Namalwa.

Alisema kama mtu aliyeambiwa alete chumvi, lakini mimi nilimwona akificha mikono mfukoni. Niliogopa. Namalwa bila nyundo simjui, na sikutaka kumjua.

Akaanza. Vile vipande vinene ambavyo babake alikuwa ameongeza alivitoa vyote, pamoja na vingine viwili vya zamani. Mahali pake akatafuta vyembamba kutoka kwenye springi za magari yaliyokufa, akavipanga vingi. Aliniambia ni kama chapati zangu zenyewe: tabaka nyingi nyembamba zinakunjika, donge moja nene linapasuka. Hakuvipasha moto, kwa kuwa chuma cha springi ukikichezea na moto kinapoteza roho yake. Alivipinda vikiwa baridi juu ya kipande cha reli, nyundo baada ya nyundo, hadi kila kimoja kikamlalia mwenzake bila kuacha mwanya. Ncha akazisaga zikawa mviringo zisikwaruzane, akapaka grisi katikati, na vile vibanio vya pembeni akavilegeza vipande vipate kuteleza. Akarefusha vyuma vinavyoning'iniza ncha ya springi, akaweka mpira wa breki mrefu zaidi ili gurudumu likishuka lisiukate.

Kisha, chini kabisa, akafunga kipande kimoja kinene, kifupi, kilichonyooka. Lori likiwa tupu hakigusani na chochote. Likishiba mzigo, vyembamba vinakilalia, nacho kinabeba.

Mzee aliyatazama hayo yote kutoka kwenye kiti chake, mgongo umenyooka. Siku ya kufunga boliti za mwisho aliingia chini ya lori peke yake, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alijipangusa magoti.

"Kesho nitaenda na nyinyi," alisema. "Nitapanda juu, na mzigo."

"Baba, kaa mbele na Kosgei."

"Nimesema juu."

Tulielewa sote. Kama lori lingelala ubavu, lingelala naye. Usiku ule Namalwa hakula chakula changu, na nakwambia hiyo haijawahi kutokea tangu tuoane.

Kabazi tulikuta mvua imetoka kuacha kunyesha na korongo limejaa matope mekundu. Akina mama walikuwa wamesimama kandokando na mwenyekiti wao, Jepkemboi, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Mitungi ya maziwa ilipakiwa mpaka lori likajaa. Mzee Wasike akapanda, akasimama upande wa nyuma, juu kabisa ya ile springi, akashika chuma kwa mikono miwili.

"Twende," akasema.

Kosgei akateremka polepole. Gurudumu la mbele likaingia shimoni, lori likainama, akina mama wakapiga kelele. Ikafika zamu ya lile la nyuma, pale pale lilipokuwa likienda juu kila siku. Likashuka. Nililiona kwa macho haya likishuka, springi ikifunguka kipande baada ya kipande, gurudumu likitafuta ardhi mpaka likaipata, likauma matope. Upande wa pili springi ilijikunja, ikaketi juu ya kile kipande kinene, ikatulia. Lori likapumua moshi, likapanda. Halikuruka wala kuyumba. Mitungi iligongana kidogo tu, na Mzee alikuwa bado amesimama wima, kofia kichwani.

Nilipiga yowe. Sijali nani alisikia. Namalwa hakupiga yowe, alichuchumaa pale pale kwenye matope akashika kichwa, hereni zikitetemeka.

"Mama," Jepkemboi akamwambia, "sisi hatutafuti trekta tena." Kisha akaenda kuhesabu mitungi yake.

Mzee alishuka akatembea mpaka korongoni, akainama juu ya alama za magurudumu, moja baada ya nyingine. Hazikuwa zimekatika popote; gurudumu halikuwa limeinuka hata mara moja. Alipopanda tena, alifunua mtungi mmoja akautazama, akaufunika, akaketi juu yake. Akatoa simu. Akaishika mbali na macho jinsi wazee wanavyofanya, akapiga, na akaongea kwa sauti ya kuamsha bonde zima.

"Muiruri? Ni Wasike wa springi. Ile lori yako niliongezea vipande, bado uko nayo? ... Ilete karakana. Niliifunga sana, inakuumiza bure. ... La, si mimi. Mimi nilikuwa wa kuongeza. Kuna fundi wa kupunguza, anaitwa Namalwa. ... Ndiyo, ni msichana wangu. Ukifika ongea na yeye."

Akakata, akatafuta jina lingine. "Kipsang? Ni Wasike wa springi."

Namalwa, mwenye maneno kwa kila mtu na kila jambo, alitugeuzia mgongo akalia bila kujificha. Mimi nilitaka kwenda kumkumbatia mzee yule, lakini mkwe hafanyi hivyo, nikabaki nimesimama na mikono yangu haina kazi. Mzee akaendelea kuwapigia wateja wake mmoja mmoja, wa Subukia, wa Naivasha, wa Njoro, kila mmoja akimwambia neno lile lile, mpaka betri ikamwishia. Akaitazama simu iliyozima. Kisha akaninyooshea mkono bila kuinua macho.

"Maxwel," akasema, "lete yako."